Ubongo haujazima: niliyojifunza nikiwapima watoto wenye kifafa cha kuduwaa

Kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo. Nabandika elektrodi kichwani, naziunganisha na mashine, kisha naketi nikitazama mistari ikipita kwenye skrini huku jicho jingine likiwa kwa mtoto. Katika miaka yote ya kazi hii, hakuna kipimo kilichonifundisha mengi kuhusu ubongo kama kile cha mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa, ambacho madaktari hukiita absensi. Tukio lenyewe ni fupi mno, mara nyingi sekunde 5 hadi 15. Mtoto anaacha alichokuwa akifanya, anakodoa macho mahali pasipo na kitu, pengine anapepesa kope au anatafunatafuna mdomo mtupu, halafu anarudi na kuendelea pale alipoachia. Haanguki. Hatoki povu. Hachoki baadaye wala hashangai. Ndiyo maana watu wanaweza kuishi naye nyumba moja kwa miezi mingi bila kugundua, ingawa kwa siku moja jambo hili linaweza kumpata mara nyingi sana, hata mara mia na zaidi kwa baadhi ya watoto.

Wazazi huniambia mtoto wao "anazima". Ukimtazama usoni, ndivyo inavyoonekana. Lakini mimi naitazama na skrini pia, na skrini inasema kinyume chake. Mistari iliyokuwa midogo, kila mmoja ukienda kivyake, inapanda ghafla yote pamoja, mbele na nyuma ya kichwa, kulia na kushoto, na kuwa mikubwa mara kadhaa kuliko ilivyokuwa. Ncha kali, kisha wimbi pana. Ncha, wimbi, ncha, wimbi, mara 3 kila sekunde, kwa mpangilio ambao hata mtu asiyejua kusoma kipimo hiki anauona papo hapo. Halafu mdundo unakatika na mistari inarudi midogo. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza. Ubongo wa mtoto huyu una nguvu zake zote wakati ule, ila sehemu kubwa yake imeshikwa na mdundo mmoja, na mdundo huo unapita katika mzunguko uleule wa seli unaofanya kazi kila usiku mtoto anapolala.

Picha hii imejulikana kwa muda mrefu. Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, alichapisha mwaka 1929 kazi yake ya kwanza kuhusu umeme wa ubongo wa binadamu uliopimwa juu ya ngozi ya kichwa. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1935, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox waliokuwa Boston, Marekani, wakaonyesha kwamba mtoto anapoduwaa, mashine inachora ncha na wimbi mara 3 kwa sekunde. Ni mojawapo ya mambo ya kwanza kabisa ya kitabibu yaliyothibitishwa na kipimo cha EEG, yaani hiki cha umeme wa ubongo, na mpaka leo ndicho ninachokitafuta.

Namna tunavyokitafuta ni rahisi. Tunamwomba mtoto apumue kwa nguvu na kwa haraka kwa dakika 3. Mtoto mdogo nampa karatasi inayozunguka ikipulizwa, naye anaipuliza kwa bidii. Kupumua hivyo kunatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko kawaida, damu inapungua asidi, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na seli za neva zinakuwa nyepesi kuchochewa. Kwa watoto 9 hivi kati ya 10 wenye kifafa hiki ambao bado hawajaanza dawa, tukio linatokea hapohapo mbele yetu. Hatumfanyishi zoezi hili mtoto mwenye selimundu, wala mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, wa mapafu au wa mishipa ya ubongo, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo amwambie mpimaji mapema bila kungoja aulizwe.

Dalili ya kwanza ni karatasi kusimama. Mara nyingi naiona kabla macho yangu hayajafika kwenye skrini. Hapo nasema neno moja kwa sauti ya kawaida, tuseme "kijani" au "nyota", na kungoja. Mtoto akirudi, huanza tena kupuliza bila kuambiwa, kama vile hakuwahi kuacha. Namuuliza, "Nimesema neno gani?" Wengi hunitazama kwa mshangao. Hawakusikia neno lolote, na hawajui kwamba kuna muda umepita. Mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni alinyamaza kwa muda mrefu baada ya kuona hilo, kisha akamgeukia mwanawe akamwambia, "Mwanangu, kumbe kweli ulikuwa hunisikii." Mtoto yule alikuwa ameshalaumiwa sana nyumbani na shuleni kwa kutosikiliza, na masikio yake yalikuwa yamepimwa zaidi ya mara moja na kuonekana mazima.

Wapo wachache wanaonijibu tofauti. Msichana mmoja aliniambia, "Ulisema kijani, lakini sikuweza kukujibu." Mwingine alilikumbuka neno kwa nusu. Watoto kama hao walinifundisha kwamba fahamu haikatwi kwa kipimo kimoja kwa kila mtu na kila mara. Watafiti waliowapima watoto kwa EEG na picha za MRI kwa wakati mmoja wameona jambo linalokubaliana na hili: matukio yanayomfanya mtoto ashindwe kujibu huwa na mawimbi makubwa zaidi na mabadiliko makubwa zaidi katika ubongo mzima, hata pale ambapo kwa macho ya mtu aliye karibu tukio moja linafanana na jingine. Kwa hiyo, nikiandika ripoti, siandiki tu kwamba mdundo umeonekana. Naandika mtoto alifanya nini wakati ule, kama alijibu, na kama alikumbuka.

Sasa mdundo wenyewe unatoka wapi? Ilinichukua muda kulielewa hili, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa, kama wengi, kwamba kifafa ni seli kuchochewa kupita kiasi na kizuizi, yaani nguvu ya kuzituliza, kupungua. Kwa aina nyingi za kifafa maelezo hayo yanafaa. Kwa hii hayatoshi, na ukiyashikilia hutaelewa kwa nini dawa fulani huwadhuru watoto hawa.

Kuna sehemu tatu za kuzifahamu. Ya kwanza ni gamba la ubongo, tabaka la juu ambako tunafikiri, tunaona, tunasikia na kuamua. Ya pili ni thalamasi, mafungu mawili ya seli yaliyo ndani kabisa, katikati ya kichwa, ambamo karibu kila habari ya milango ya fahamu, isipokuwa harufu, hupitia ikielekea kwenye gamba. Ya tatu ni utando mwembamba wa seli unaoizunguka thalamasi, uitwao kiini cha retikula. Seli za kiini hiki zinatoa kemikali iitwayo GABA, na kazi yake ni kuzuia. Thalamasi hupeleka habari juu kwenye gamba, gamba hurudisha ujumbe chini kwenye thalamasi, na nyuzi za pande zote mbili zinapopita kwenye retikula huacha matawi na kuiamsha. Retikula ikiamshwa, inainyamazisha thalamasi. Huo ndio mzunguko wote.

Utamu wa jambo uko kwenye seli za thalamasi, maana zina namna mbili za kufanya kazi. Mtoto akiwa macho na makini, kemikali kama asetilikolini na noradrenalini kutoka kwenye shina la ubongo huziweka seli hizi katika hali ya wepesi. Chaji ya ndani yake ni hasi, lakini haiko mbali na kiwango cha kutoa ishara, na kila habari inayoingia inapitishwa juu moja baada ya nyingine kwa uaminifu. Lakini chaji hiyo ikivutwa chini zaidi, kupita kama milivolti 70 hasi, seli inabadilika. Katika utando wake kuna milango ya kupitisha kalsiamu, ya aina iitwayo T. Milango hii ni kama mtego: ukishafyatuka, haufyatuki tena mpaka utegwe upya. Na kinachoutega upya ni huko kushuka kwa chaji, yaani kule kuzuiwa na GABA. Kizuizi kinapolegea na chaji kuanza kupanda, mtego unafyatuka, kalsiamu inaingia kwa wingi, na seli inatoa mkupuo wa ishara kadhaa za haraka badala ya moja moja.

Ukishalishika hilo, mengine yanafuata yenyewe. Seli nyingi za gamba zikitoa ishara pamoja, zinaiamsha retikula. Retikula inamwaga GABA juu ya thalamasi. GABA inashika vipokezi vya aina mbili: A, ambavyo kazi yake ni ya haraka na hupita baada ya sehemu ya kumi hivi ya sekunde, na B, ambavyo huanza polepole na kukaa kwa karibu theluthi ya sekunde. Katika muda huo thalamasi iko kimya, lakini ukimya huo unategea. Kizuizi kikiisha, seli zilizozuiwa kwa pamoja zinarudi kwa pamoja, zinatuma mkupuo juu kwenye gamba, gamba linajibu, retikula inaamshwa tena, na theluthi nyingine ya sekunde inaanza. Mara 3 kwa sekunde. Ncha ninayoiona kwenye skrini ni seli za gamba zikitoa ishara kwa wakati mmoja, na wimbi pana linalofuata ni muda ambao zimenyamaza zote.

Kwa hiyo kizuizi hakijapotea kwa mtoto huyu. Kizuizi ndicho kinachozipanga seli zote kwenye mstari mmoja. Nikiwa na mzazi mwenye nafasi ya kusikiliza, hili ndilo ninalomweleza kwanza, kwa sababu linaondoa ule wasiwasi kwamba ubongo wa mtoto unaungua au unakufa kila anapoduwaa.

Mwaka 1993 watafiti walilionyesha jambo hili kwa njia ya wazi kabisa, wakitumia vipande vya thalamasi ya mnyama vilivyowekwa hai maabara. Vipande hivyo, vyenyewe tu bila gamba, vilikuwa vinatoa mdundo wa kawaida wa usingizi, ule ambao kwenye kipimo cha mtu aliyelala huonekana kama vifungu vifupi vya mawimbi ya haraka. Walipoziba vipokezi vya GABA aina ya A na kuacha vya aina ya B, mdundo wa usingizi ukageuka kuwa mdundo mzito wa mara 3 kwa sekunde. Seli zilezile, nyuzi zilezile. Kilichobadilika ni aina ya kizuizi kilichobaki kutawala.

Hata mezani pangu naona undugu huo na usingizi. Mtoto akiwa amechangamka, anacheza au anasimulia jambo alipendalo, mdundo hutokea mara chache. Akikaa kimya bila la kufanya, au akianza kusinzia, unakuja mara kwa mara. Ndiyo maana wakati mwingine tunawaomba wazazi wamlete mtoto akiwa amelala saa chache kuliko kawaida yake. Wazazi wengine huona huo ni ukatili kidogo, na nawaelewa, lakini kipimo kimoja kinachoonyesha tukio kina faida kuliko vitatu visivyoonyesha kitu.

Kuhusu ni nani anayeanzisha, gamba au thalamasi, wataalamu wamebishana kwa miongo mingi, na ubishi huo una maana. Herbert Jasper, mtafiti aliyefanya kazi na daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield huko Montreal, Kanada, aliamini kwamba chanzo kiko ndani, katikati. Katika miaka ya 1940 yeye na Jan Droogleever-Fortuyn waliichochea thalamasi ya paka kwa umeme mara 3 kwa sekunde, na wakaona ncha na mawimbi pande zote mbili za ubongo. Baadaye, huko huko Montreal, Pierre Gloor akaonyesha kwamba gamba lililofanywa jepesi kuchochewa, kwa paka aliyepewa penisilini nyingi, linaweza kuigeuza mipigo ya kawaida ya thalamasi kuwa ncha na wimbi. Akasema gamba na thalamasi vyote viwili vinahitajika. Kisha mwaka 2002 Hanneke Meeren na wenzake wa Uholanzi wakawachunguza panya waliozaliwa na aina hii ya kifafa, wakakuta tukio linaanza katika sehemu ndogo ya gamba, ile inayopokea hisia za eneo la mdomo na pua. Katika nusu ya kwanza ya sekunde gamba liliongoza. Baada ya hapo gamba na thalamasi zilipokezana uongozi. Na utafiti wa panya wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wakati wa tukio seli nyingi za thalamasi huwa kimya kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba msukumo wa gamba pamoja na mitego ya kalsiamu iliyomo kwenye retikula una uzito kuliko ile ya seli za thalamasi zinazopeleka habari juu.

Mimi, kwa ninachokiona, naegemea upande wa gamba kuwasha na mzunguko mzima kuendeleza. Kwenye baadhi ya vipimo, kabla mdundo haujajaa, naona ncha ndogo zikitangulia mbele ya kichwa, upande mmoja kidogo kuliko mwingine. Ni mfupi sana muda huo, na daktari asiyekuwa na subira ataupita. Lakini nimejifunza kuupunguza mwendo wa skrini pale pa kuanzia na kutazama, kwa sababu mtoto ambaye ncha zake huanzia upande uleule kila mara anahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Huenda ana kifafa cha aina nyingine, kinachoanzia sehemu moja na kusambaa, na matibabu yake ni tofauti. Matukio ya aina hiyo huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi zaidi ya nusu dakika, na mtoto hubaki amechanganyikiwa au amechoka baadaye.

Kwa nini mtoto huyu na si ndugu yake? Urithi una sehemu kubwa. Mapacha wanaofanana kabisa hupata wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Katika baadhi ya familia zimepatikana hitilafu kwenye jeni za vipokezi vya GABA au za milango ya kalsiamu, lakini kwa watoto wengi hakuna jeni moja ya kunyooshea kidole. Kuna kundi moja ninalolitaja kwa mkazo: watoto walioanza kuduwaa kabla ya kutimiza miaka 4. Kifafa cha kawaida cha aina hii huanza kati ya miaka 4 na 10. Aliyeanza mapema zaidi anapaswa kuchunguzwa kama ana upungufu wa kisafirishaji cha glukosi kinachoingiza sukari kwenye ubongo, maana akiwa nao anasaidiwa sana na mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, unaosimamiwa na wataalamu, jambo ambalo dawa peke yake haiwezi.

Kuhusu dawa nitasema kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo uelewa wa mzunguko ule unapookoa watoto. Aliwahi kuletwa kwangu mvulana aliyekuwa ameanzishiwa kabamazepini mahali fulani, baada ya mtu kusikia neno kifafa na kuandika dawa bila kipimo. Kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, kabamazepini ni dawa nzuri. Kwa mvulana huyu kuduwaa kuliongezeka wiki baada ya wiki, na kwa kuwa kuliongezeka, dozi ikaongezwa. Alipofika kwangu mdundo ulikuwa unakuja kila baada ya muda mfupi, hata bila kupumua kwa nguvu. Daktari aliyesoma kipimo kile alimbadilishia dawa, na alipoletwa tena mistari ilikuwa imetulia. Fenitoini nayo inaweza kuzidisha hali hii. Vigabatrini na tiagabini, ambazo zinaongeza GABA kwenye ubongo, zinaizidisha pia, na hapo mtu anayefikiri kwamba kila kifafa ni upungufu wa kizuizi atashangaa. Ukikumbuka mtego unaotegwa na kizuizi, hutashangaa: GABA zaidi juu ya thalamasi ni kuitega zaidi.

Na bado klonazepamu, ambayo pia huipa GABA nguvu, inaweza kuwasaidia baadhi ya watoto hawa. Mwanzoni hili lilinitatiza sana. Jibu liko mahali dawa inapofanyia kazi. Seli za retikula huzuiana zenyewe kwa zenyewe, na klonazepamu huongeza nguvu ya kuzuiana huko, kwa hiyo kile zinachoimwagia thalamasi kinapungua. Kemikali ileile, ikitiwa nguvu mahali pengine kwenye mzunguko, inaleta matokeo yaliyo kinyume. Ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akimpa mzazi ushauri wa dawa ya kifafa kwa kuwa tu ilimfaa mtoto wa jirani.

Dawa inayolingana zaidi na mzunguko huu ni ethosuksimidi. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ilipofika 1989 ilionyeshwa kwamba inapunguza mkondo wa kalsiamu unaopita kwenye ile milango ya aina ya T katika seli za thalamasi. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, wa watoto 453 wenye kifafa hiki. Baada ya wiki 16 hivi za matibabu, ethosuksimidi iliwafaa asilimia 53, na dawa nyingine mbili za kifafa, valproeti asilimia 58 na lamotrijini asilimia 29. Mbili za kwanza zilikaribiana kwa nguvu, lakini matatizo ya umakini yalionekana kwa asilimia 49 ya waliotumia valproeti, dhidi ya asilimia 33 kwa ethosuksimidi. Valproeti pia ina hatari kubwa kwa mimba ikitumiwa na msichana aliyefikia umri wa kuzaa, na huo ni mjadala ambao mzazi wa binti anastahili kuusikia mapema kutoka kwa daktari wake. Pale ambapo mtoto ana mitukutiko ya mwili mzima pamoja na kuduwaa, ethosuksimidi peke yake haitoshi, na uamuzi unabadilika.

Habari ninayofurahi kuitoa ni kwamba watoto wengi huacha kuduwaa wanapofikia ujana, na hatimaye huachishwa dawa kwa usimamizi wa daktari. Wasiachishwe ghafla, na wasijiachishe wenyewe kwa kuwa wamepita wiki kadhaa bila tukio linaloonekana, maana mdundo mfupi wa sekunde 2 au 3 hakuna anayeuona kwa macho, ila mashine inauona.

Mzazi anayetilia shaka anaweza kufanya jambo moja nyumbani kabla ya kufika kwetu. Mtoto akiduwaa, mguse bega na umwite jina. Aliyezama kwenye mawazo yake atageuka. Aliyeshikwa na mdundo hatageuka mpaka uishe. Tazama pia inamkuta wapi: mawazo humchukua mtoto akiwa amechoshwa na jambo, ila mdundo huu unaweza kumkata katikati ya neno, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, au akivuka barabara. Hilo la barabara, la kuogelea na la kupanda juu ndilo linalonitia hofu kuliko kuduwaa kwenyewe, na hapo anahitaji mtu mzima karibu yake hadi dawa ishike. Kama una simu, mrekodi kabla, wakati na baada. Video ya sekunde 20 imemsaidia daktari kuliko maelezo marefu, mara nyingi kuliko niwezavyo kukumbuka.

Liko jambo ambalo kipimo changu hakilionyeshi, na nimelijua kwa kuzungumza na wazazi waliorudi. Mtoto anarudi, mistari ni safi, anapumua kwa nguvu dakika 3 na karatasi haisimami hata mara moja. Mzazi anashukuru, kisha kwa sauti ya chini anasema, "Lakini darasani bado." Utafiti ule ule wa watoto 453 ulikuta kwamba asilimia 36 walikuwa na matatizo ya umakini kabla hata hawajaanza dawa, na kwamba kwa wengi hayakuondoka matukio yalipokoma. Kwa hiyo mwalimu anayesema mtoto bado hawezi kukaa na kazi moja mpaka mwisho huenda anaona jambo la kweli, ambalo linahitaji kupimwa kwa njia yake na kusaidiwa kwa njia yake: maelekezo mafupi yaliyorudiwa, kukaa mbele, muda wa ziada kwenye mitihani, na tathmini ya mtaalamu wa umakini na kujifunza. Kila ninapofungua elektrodi za mtoto ambaye kipimo chake kimekuwa safi, namuuliza mzazi kuhusu masomo kabla sijamwambia lolote kuhusu mistari, na jibu lake naliandika kwenye ripoti, juu, mahali ambapo daktari ataliona.